Mshale Usio na Jina

Mshale ule ulikuwa mdogo, wa kijivu, na haukuwa na jina.

Mchoraji aliuona asubuhi kwenye skrini ya kompyuta, akifanya kazi nyumbani kwake. Alikuwa akibuni hifadhidata ya hospitali ya wazazi: anafungua kivinjari, anachora visanduku, kisha anaviunganisha kwa mistari. Mama hapa, mtoto pale, mstari katikati kusema huyu ni wa yule. Mwenzake wa kazini, waliyemwita Miwani, akiingia kwenye mchoro huo kutoka kwake, mshale wake huonekana na jina lake pembeni.

Akampigia simu. "Miwani, uko kwenye mchoro?"

"Niko kwa kinyozi, dada. Nimenyolewa upande mmoja, mchoro nitaushikaje?"

Mshale ukatambaa kama mtoto anayeijaribu sakafu. Ukachora kisanduku kidogo kitupu, ukavuta mstari hadi kisanduku cha mama, na humo likaandikwa jina la Mchoraji mwenyewe. Akaufuta mstari. Ukarudi. Akaufuta tena; ukarudi, na spika alizokuwa amezizima zikatoa kilio chembamba.

Hakuogopa. Tangu wamzike mtoto wao mchanga, hakuna kilichomwingia, si cha moto wala cha baridi. Chai ilimuunguza ulimi, akaendelea kunywa.

Jioni mumewe alikuta nyumba nzima inanuka maziwa yaliyochacha. Gauni la mkewe lilikuwa limelowa kifuani.

"Hiyo nini, mke wangu?"

"Maziwa."

"Maziwa gani? Si yalikauka?"

"Yamerudi." Akamwonyesha mstari kwenye skrini.

Kesho yake mama mkwe akamleta mganga, bibi mkavu aliyevua viatu mlangoni na kukataa kuvuka kizingiti.

"Ni jini mchanga," akanong'ona. "Hana mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu ameisikia harufu yake."

"Anataka nini?" mume akauliza.

"Anachotaka kila mtoto. Mwanangu, futa mstari huo kwa mkono wako, useme: mimi si mama yako. Mara moja tu, ataondoka."

Mchoraji akashika kipanya, mkono hautetemeki, mumewe nyuma yake ameng'ang'ania kiti, mama mkwe akiomba dua chini chini, na ile harufu ikazidi kuwa nzito, na kilio kikatoka kwenye spika kikashuka sakafuni, kikapita chini ya meza, kikafika miguuni pake, na pindo la gauni lake likaanza kuvutwa, polepole, bila pupa, kama anavyovuta mtoto anayejua kwamba mwishowe atabebwa.

"Sema," mumewe akasihi. "Sema, tafadhali."

Mchoraji akaachia kipanya.

"Amelia sana huyu," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. "Tangu jana hajala."

Akarudisha kiti nyuma, akainama, akanyanyua kitu ambacho hakuna aliyekiona, akakipakata. Akafungua vifungo vya gauni. Kilio kikakoma.

Mganga akaokota viatu vyake akaondoka navyo mkononi, bila kudai ujira. Mama mkwe akamfuata mbiombio, asiage.

Mume akabaki amesimama. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile akasikia mtu anameza.