Wa Nne Kwenye Waya

Waliokuwepo katika depo ya dawa huko Kampemba, Lubumbashi, Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, ni hawa. Masika Perpétue, mzaliwa wa Butembo, mwenye depo, miaka hamsini na mbili. Katongo Graciella, mwalimu wa elektroniki, aliyetengeneza kifaa cha kupima joto la friji. Numbi Jeannot, mlinzi, mwenyeji wa Kambove. Mwaba Lydie, mganga, aliyeitwa saa tano asubuhi na kufika saa sita. Kama kulikuwa na wa tano, hakuwa na jina mpaka walipompa wao wenyewe.

Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari, mambo yalikuwa yamevurugika hata Lubumbashi, mbali na vita. Wauzaji wa jumla waliogopa kuagiza, malori ya kutoka mpaka wa Kasumbalesa yalipungua, na umeme ulikatika siku nzima. Katika friji ya Perpétue ilibaki insulini ya wagonjwa ishirini na sita wa mtaa ule. Nyingine haikujulikana itafika lini. Ikipata joto zaidi ya digrii nane kwa muda mrefu inaharibika, na wagonjwa hao hawakuwa na pa kwenda.

Ndiyo maana Graciella alifunga kifaa kile. Kilikuwa mikrokontrola, kompyuta ndogo inayotosha kwenye kiberiti, skrini na betri yake, na vipima-joto vitatu kwenye waya mmoja, kimoja kwa kila rafu. Kila kipimo kina namba yake iliyotiwa kiwandani. Mikrokontrola inaita namba kupitia waya, na mwenye namba anaitika kwa kutaja digrii zake. Asiyeitwa hunyamaza.

Perpétue hakutaka kuona namba kwenye skrini. Kwa Wanande, kabila lake, watoto hupewa majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Basi vipimo vikaitwa Paluku, Kambale na Kasereka.

Jumamosi tarehe 8, skrini ilionyesha wanne.

"Mama Perpétue, mimi nilifunga kapta tatu za joto," Graciella alisema. "Hapa iko ine."

"Njo vile Kakule amezaliwa," Perpétue alijibu akicheka. "Mumuandike, mwalimu. Hatufukuzake mutoto."

Graciella alidhani ni kosa la programu, atalitafuta Jumatatu. Akaandika Kakule. Digrii za Kakule zilikuwa themanini na tano. Alieleza kwamba hiyo ndiyo namba ambayo kipimo hutoa kinapoamka, kabla hakijapima chochote.

Jumatatu asubuhi Kakule alikuwa ameshapima. Thelathini na saba.

"Ni joto ya muntu," alisema Jeannot.

"Ni joto ya mukono yako, unashikashika mulango," Perpétue alimwambia.

"Mama, mimi niko huku nje na ufagio."

Paluku alikuwa nne, Kambale nne na nusu. Kasereka, wa rafu ya chini, alikuwa sita, kisha sita na nusu. Graciella alifungua friji. Hewa iliyotoka chini ilikuwa ya uvuguvugu, na ilikuwa na harufu ya chumba alimolala mgonjwa wa homa kwa siku nyingi, harufu ya blanketi lililolowa jasho. Akachomoa waya wote kutoka kwenye kifaa. Kwenye skrini watatu wakaandika mia na ishirini na saba chini ya sifuri, ambayo ni alama ya asiyekuwepo. Wa nne akaandika thelathini na saba na nusu.

Graciella aliweka waya mezani polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Haina fasi inapitia," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna kintu imefungwa."

Hapo ndipo Jeannot alipotumwa kumwita Mwaba Lydie.

Alifika na mfuko wa plastiki na viatu mkononi. Alikaa juu ya katoni, akawaacha wasimulie tangu mwanzo. Waya ulikuwa umerudishwa. Kasereka alikuwa saba.

"Hiyo jini ilikuwa inapita tu," alisema Mwaba. "Siku hizi biko bingi mu barabara. Fasi zenye bilikaa zimeungua."

"Kumbe hata majini ni wakimbizi," Perpétue alisema. "Basi iende kujiandikisha kwa mukubwa wa mutaa, chef de quartier, kama sisi wote."

"Usicheke, mama. Mulisikia inaitika, mukaipatia jina. Tena jina ya mu famille, yenye kufuata ya wenzake. Sasa iko mutoto wa hii nyumba, na mutoto hafukuzwe na mulango."

"Inafukuzwa na nini?"

"Na matanga. Mukae chini, mutaje jina yake yote mbele ya bantu, museme amekufa. Itaenda fasi mwenye jina alienda."

Mdogo wa Perpétue, mvulana wa nne kwa mama yao, aliitwa Kakule Donat. Alitoka Goma kwa miguu tarehe 26 Januari, na tangu siku ile simu yake haikupatikana.

"Jina ya Kakule ni ya ndugu yangu," alisema.

"Najua. Njo maana mimi sikuitaja."

"Donat iko mu njia. Siwezi kumuua na kinywa yangu juu ya frigo."

Ingawa umeme ulikuwa umekatika na mota ya friji imesimama, walisikia kitu ndani kikipumua, taratibu mwanzoni, kama mtu aliyelala ubavu, kisha kwa haraka zaidi, kwa kukwama kwama, na kila pumzi ilipoingia Kakule alipanda kidogo, thelathini na nane, thelathini na tisa, na Kasereka alimfuata kutoka chini, saba na nusu, saba na robo tatu, na harufu ya blanketi ikaenea mpaka kwenye mlango ambako Jeannot alisimama akiwa ameshika ufagio kwa mikono miwili bila kujua kama akimbie au abaki.

"Toa dawa, mama, tuiachie frigo," alinong'ona Jeannot.

"Kuweka wapi? Kwa jua?" Perpétue alivuta kiti, akakaa mbele ya friji, magoti karibu yaguse mlango. "Nilikimbia Butembo, nikaacha nyumba. Sikimbie tena. Mwalimu, kwa fasi ya Kakule andika jina yangu."

Graciella alimgeukia. "Yaya Perpétue, dada yangu."

"Masika. Andika Masika Perpétue."

"Ukitajwa, itakufuata weye," alisema Mwaba. "Mimi siko na dawa ya kuirudisha."

"Ifuate. Itanikuta hapa, niko na bagonjwa ishirini na sita."

Graciella aliandika. Skrini ikabadilika. Perpétue alivua kitambaa cha kichwa na kukaa sakafuni, na wengine wakakaa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwagiza mtu sokoni: "Masika Perpétue amekufa. Tumemulilia. Hana tena jina mu hii nyumba." Mwaba alilia kidogo, kwa kuwa matanga bila kilio si matanga.

Pumzi ilikatika katikati. Kwenye skrini walibaki watatu. Saa nane Kasereka alikuwa tano, na umeme haukuwa umerudi.

Mwaba alikataa kulipwa. Kuanzia kesho yake Perpétue alifungua depo kila siku saa moja na nusu, akagawa insulini mwenyewe, akiandika jina kamili la kila mgonjwa. Aliyemuuliza hali alijibiwa: "Niko naingojea. Inachelewa kama camion ya Kasumbalesa." Mikono yake ilikuwa ya moto, waliopokea dawa walisema hivyo. Jumatano tarehe 19 Kakule Donat alipiga simu kutoka Kalemie, akazungumza na dada yake kwa dakika nne. Ijumaa asubuhi mgonjwa wa mwisho, wa ishirini na sita, alichukua dawa yake.

Masika Perpétue alikufa siku hiyo hiyo, Ijumaa tarehe 21 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, Kampemba.