Kigoda cha Kashaija

Sebahire aliamkia mara mbili. Laurensia alikuwa kwenye gati la Bukoba akingoja meli ya Mwanza, mzigo kichwani, ndipo kijana huyo mchuuzi wa maharage, aliyehamia kijijini kwao Nyaishozi baada ya kiangazi, alipomsogelea na kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana akatazama juu kidogo ya bega la Laurensia, akainama tena. "Shikamoo mzee."

Laurensia hakugeuka. Gati lilijaa watu, na wazee hawakukosekana.

Alikuwa akienda kula Krismasi na wajukuu zake. Mwanawe Elpidius alikuwa karani Mwanza, na kwa miaka mingi hakuwa amekanyaga nyumbani, hata baba yake, mzee Kashaija, alipofariki kiangazi kile. Alituma salamu tu kwamba kazini wamemnyima ruhusa. Kwa desturi yao, siku ya kuanua matanga mwana mkubwa hukalishwa kwenye kigoda cha baba mbele ya ukoo, ndipo marehemu hupumzika. Kigoda cha Kashaija kilibaki mlangoni, kimefudikizwa, na kila jioni Laurensia alisikia harufu ya kiko ikizunguka nyumba kama mtu aliyekosa pa kukaa. Hakuogopa. Alikuwa mumewe.

Lakini alimhurumia. Kigoda cha marehemu hakivuki kizingiti kabla mrithi hajakikalia. Hilo alilijua, na ndiyo maana hakuwauliza wazee wa ukoo. Alikifunga ndani ya kanga pamoja na maharage na kahawa ya kutafuna. Kama Elpidius haji kwa baba yake, basi atapelekewa.

Mwanza wajukuu walimrukia shingoni. Mdogo wao, Kemilembe, alimshika kidole na hakukiachia hadi chakula kilipoivishwa. Laurensia akafungua mzigo.

"Mama! Umebeba gogo kutoka Karagwe?" Elpidius akacheka. "Viti vyote hivi huvioni?"

"Kaa, mwanangu. Mara moja tu."

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Na baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Alikalishwa, na Jumapili akaenda kusali."

"Aka! Mama Kemi ataniona mganga."

Mkewe, Anonciata, hakucheka. Alikisukuma kigoda kwa mguu hadi nyuma ya mlango.

Kesho yake mchana, wengine wakiwa kanisani, Laurensia alikuwa uani akichambua maharage aliposikia kikohozi sebuleni. Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, kinachoishia kwa mluzi mdogo. Alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho tangu ujana wake.

Akaingia. Kemilembe alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yameachana, viganja juu ya magoti, na chumba kizima kilinuka tumbaku.

"Kemi," alinong'ona. "Inuka, mama. Inuka polepole."

Mtoto akainua macho. "Kanyonyi yuko wapi?"

Kanyonyi, ndege mdogo. Ndivyo Kashaija alivyomwita Elpidius alipokuwa akichunga mbuzi, na jina hilo halikuwahi kutajwa Mwanza.

Tangu hapo nyumba ikabadilika: mtoto akakataa wali, akakataa maziwa, akaomba rubisi, pombe ya ndizi ambayo hakuwahi kuiona, na kila walipomwondoa kwenye kigoda walimkuta amekirudia, akikohoa, huku moshi usio na moto ukipanda ukutani na nyayo nzito, nyayo za mtu mzima mwenye viatu vya mpira, zikienda kutoka mlangoni hadi chumba cha Elpidius, zikisimama hapo, zikingoja, kisha zikirudi.

"Umetuletea jini," Anonciata alimwambia mkwewe.

"Si jini, mwanangu. Ni babu yake."

Akaitwa Therese, mama aliyesifiwa kwa kutoa majini. Alifukiza ubani, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, na mara akauondoa kama aliyeungua.

"Jini ningelifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu yuko kwao. Mwenye kuitwa na aje akae."

Wote wakamtazama Elpidius. Alisogea hadi mbele ya kigoda. Kemilembe akainuka, akampisha, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Karibu, Kanyonyi."

Elpidius akaruka nyuma hadi ukutani. "Siwezi! Ataniingia mimi!"

"Elpidius," mama yake alisema taratibu, "usipokaa, unamwachia mtoto."

Elpidius alibaki ukutani. Alitazama sakafu.

"Chukua gogo lako uondoke nalo, mama," Anonciata alilia. "Na usirudi kwa wanangu. Usirudi kabisa!"

Kigoda kilipovuka mlango mtoto alilala, akapumua vizuri, na wote wakasema yamekwisha. Therese peke yake alitikisa kichwa. Asubuhi Laurensia alimuaga mjukuu wake. Alimnyooshea kidole, lakini Kemilembe hakukishika.

Kwenye meli alikaa amekikumbatia kigoda kama mtoto mchanga. Sebahire alimwona, akaja akiwa na magunia matupu begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Laurensia alingoja. Kijana hakuinama mara ya pili.

"Mzee umemwacha kwa wajukuu?"

"Mzee yupi?"

"Si yule wa koti refu, mwenye kikohozi? Tulipokuja alikaa nyuma yako safari nzima." Akacheka. "Kapapenda mjini, eeh?"

Laurensia aliinamisha uso juu ya kigoda, akavuta pumzi. Kilinuka mti mkavu tu. Alipoinua macho, gati la Mwanza lilikuwa limekwisha kuwa mbali.