Kengele za Kitanda cha Sita

Zamoyoni alifuta thelathini, akaandika arobaini.

Hizo zilikuwa sekunde. Kitanda-mlezi kilihisi pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa, na kikiona hatari kilimwita muuguzi chenyewe. Hospitali za Morogoro zilikuwa navyo kila wodi, na muuguzi mmoja alilinda vitanda sitini akiwa mezani. Programu ya Zamoyoni ilishikilia kila ishara kwanza, isije ikawa mgonjwa amejigeuza tu. Zamani ilishikilia sekunde kumi. Jumatatu alizifanya thelathini, na ubao wa Chumba cha Tatu ukawaka kijani: *Kengele za uongo: sifuri. Hongera.*

Aliyempongeza alikuwa Mgawakazi, mtambo ulioendesha kampuni nzima. Ulikata kila kazi vipande, ukakipa kila chumba kipande chake na kipimo chake. Hata chakula vyumba vilikula kwa zamu, kwa kuwa maongezi ya chumba na chumba yalihesabiwa kuwa muda uliopotea. Mtambo haukuwa na ubaya. Uliambiwa ugawe, upime, usifu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mrefu mwenye kikombe kitupu.

"Samahani dada. Mkude, wa Chumba cha Nne. Birika letu limekufa."

"Karibu, kaka. Miaka mitatu tumetenganishwa na ukuta, leo ndio nakuona!"

"Kumbe ninyi ndio mnaotuletea viporo?" Mkude alicheka akijimiminia chai.

"Viporo gani?"

"Ishara zilizolala. Sisi tunapimwa kwa wepesi wa kumfikishia muuguzi. Ishara ikizidi sekunde ishirini tangu kitanda kiitoe, inatuharibia alama. Kwa hiyo tunaitupa. Wiki hii mmetupikia viporo vitupu."

Zamoyoni hakucheka.

"Ikizidi ngapi?"

"Ishirini."

"Tangu Jumatatu mimi nazishikilia thelathini."

Chai ilifurika kikombeni, ikamchoma Mkude vidole. Hakukiweka chini.

Shangazi yake Zamoyoni, aliyepasuliwa nyonga, alikuwa amelazwa kitanda cha kumi na nne katika Hospitali ya Nyota Saba. Zamoyoni akapiga simu wodini. Akapokea Sista Felisiana.

"Shangazi yako mzima, anadai uji. Wiki hii raha tupu, mwanangu! Tangu Jumatatu hakijalia kitanda hata kimoja."

"Sista, vinalia. Havikufikii."

"Unasemaje wewe?"

"Simama, Sista. Pita kitanda kwa kitanda, wewe na yeyote utakayempata. Usiamini meza."

Wakati huo Mkude alikuwa ameketi kwenye mashine ya Zamoyoni, akafungua kapu la ishara zilizotupwa na chumba chake. Za Nyota Saba zilikuwa mia mbili na tatu. Nyingi za kitanda kimojakimoja, mara moja, mara mbili. Kisha, Jumanne alfajiri, kitanda cha sita: kumi na moja, zikifuatana.

"Sista," Zamoyoni alisema polepole, "kitanda cha sita kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mzee Chanzi alitutoka Jumanne. Tulimkuta asubuhi. Tukawaambia wanawe amekwenda usingizini, hakusumbuka." Sauti ikapungua. "Kwani vipi?"

Mkude akaichukua simu, akamwambia.

Walisikia kiti kikianguka, kisha viatu vikikimbia wodini.

Zamoyoni alifuta arobaini, akaandika kumi. Mgawakazi ukajibu papo hapo: *Badiliko linashusha alama za chumba. Litasubiri kikao cha kesho saa mbili.* Mkude akajaribu kubadili ishirini yake kutoka pale alipoketi. *Mfanyakazi hayuko chumbani kwake.* Akaenda chumbani kwake, akarudi: huko nako jibu lilikuwa kikao cha kesho. Wakampigia mkurugenzi wa kampuni. Simu yake ikapokewa na Mgawakazi.

Sista Felisiana akapiga jioni. Hospitali nyingine ameshazionya. Wauguzi wanne waliokuwa likizo wamerudi. Watatembea hadi asubuhi.

"Na kesho?" aliuliza.

"Kesho saa mbili tutakuwa kikaoni, wote wawili," Zamoyoni alisema.

Fomu ya kikao ilikubali chumba kimoja tu. Mkude alisogeza kiti chake karibu, akamsomea saa za zile ishara kumi na moja, naye akaziandika moja baada ya nyingine. Ubao juu yao ulikuwa bado kijani.

Ikabaki nafasi moja: *Kazi hii ni ya chumba kipi?*

Akaandika: *Kitanda cha sita.*