Nyayo za Kapteni

Japheth, rafiki yangu Mkenya, alikuwa mlinzi wa jengo la fleti katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Uarabuni. Mwaka 2011 alikuwa akimtafuta babu yake, kapteni wa jeshi, Mwairishi, aliyezaa na nyanya yake mjini Nanyuki kisha akatoweka.

Jibu la ukoo wa kapteni lilimfikia kazini mchana, vumbi limeleta giza kama la magharibi. Lilisema kapteni alikatwa mguu wa kushoto, na hadi anakufa alikuwa akimuulizia mwanawe wa Nanyuki.

Hapo Japheth akasikia buti moja likishuka ngazi nyuma yake, na mkongojo.

“Sikugeuka, bro,” aliniambia.

Sauti ilipokoma akainuka. Kwenye vumbi la sakafu nyayo zilitoka ngazini, zote za kulia, zikaishia nyuma ya kiti chake. Za kurudi hazikuwepo.