Lemburis na Malaika wa Mfereji

Enzi za Mwingereza, mfereji ulikuwa wa udongo mtupu. Ulitoka juu mlimani Meru, ukapita nyuma ya boma la Naipanoi na mumewe Lemburis, kisha ukateremka kwa jirani yao Anyesi, mjane mwenye watoto watatu. Asubuhi Naipanoi alikamua ng'ombe, akapika loshoro. Hata leo, akinusa mahindi na maziwa ya mgando, hukumbuka mwaka ule.

Lemburis alibatizwa Pasaka, akapewa jina la Isidori. Padri akampa na picha ya mtakatifu huyo: mkulima amepiga magoti, nyuma yake malaika anaswaga ng'ombe wa plau. Lemburis aliipenda mno picha ile. Tangu hapo, zamu yake ya maji ikifika, alifungua wote mdomo wa mfereji unaoingia shambani kwake, akaacha jembe, akaenda kanisani mpaka jioni, na mara nyingine alisahau kuuziba.

"Maji anayaangalia nani?" Naipanoi aliuliza.

"Malaika. Huoni picha?"

"Picha naiona. Malaika simwoni."

Siku moja Anyesi alipiga hodi. Hakukaa.

"Naipanoi, zamu yenu iliisha juzi, maji bado yako kwenu. Maharage yangu yametoa maua. Yakidondosha maua, wanangu watakula nini? Hiyo picha?"

Naipanoi alishuka shambani. Maji yalikuwa yanakimbia katikati ya maharage yao, yanabeba udongo mweusi hadi korongoni. Mizizi ilikuwa nje. Aliziba mdomo kwa matope na majani ya mgomba, maji yakarudi njia ya Anyesi. Kisha akaing'oa picha ukutani, akaenda nayo kanisani.

Lemburis alikuwa amepiga magoti. Mzee Elieza, katekista, alikuwa anafagia.

"Shikamoo, mwalimu. Mweleze huyu picha yake."

"Marahaba." Elieza aliitazama, akacheka kidogo. "Lemburis, Isidori alikuwa kibarua wa kulima huko Hispania. Alianza siku kwa sala, kisha akashika plau. Husimuliwa kwamba malaika walionekana wakilima kando yake. Kando yake. Yeye hakuliacha shamba."

"Mimi nilikuwa nasali."

"Ulisali vizuri. Maji nayo yakaondoka na shamba lako." Elieza aliweka ufagio. "Isidori alikuwa na kidogo, akakigawa. Hata ndege wenye njaa aliwamwagia nafaka. Wewe umemwagia korongo. Anyesi amepata nini?"

Lemburis aliinuka.

"Nifanyeje?"

"Fungua mdomo kiasi cha shubiri moja. Lima matuta ya kukata mteremko, maji yatulie, yasikimbie na udongo. Kaa hapohapo na jembe lako. Sali hapohapo. Mungu anakusikia hata ukiwa na matope magotini. Zamu ikiisha, ziba, umwite jirani."

Kesho yake Lemburis alianza tuta la kwanza. Mteremko ulikuwa mkali, mgongo ukamuuma. Saa nne hivi Anyesi akatokea, jembe begani.

"Maji yamefika kwangu," alisema. "Nimekuja kusaidia."

Lemburis alimwita mkewe. "Naipanoi, leta bakuli la tatu la loshoro. Malaika wangu kaja. Ila huyu ana maneno mengi."

"Lima," Anyesi alimjibu.

Nusu ya maua ya Anyesi ilikuwa imeshadondoka. Nusu iliyobaki ilizaa, na maharage yakawafikisha watoto mpaka mvua za masika. Kwa Lemburis udongo ulibaki shambani, na mvua zilipokuja yale matuta hayakubomoka.

Sasa mfereji ni wa saruji na mdomo wake ni wa chuma. Lemburis alishatangulia. Picha ipo ukutani, nyeusi kwa moshi, malaika haonekani tena. Zamu ya Naipanoi ikifika, husali kwa ufupi, hufungua, hukaa na jembe lake. Ikiisha hufunga, akaita kuelekea bondeni:

"Anyesi! Maji hayo!"

Na haondoki mpaka aitikiwe.