Msichana Aliyekaa Kiti cha Kabura

"Kabura Theuri."

Kimya.

Inspekta Kingori aliinua macho kutoka kwa rejista. Darasa la saba lote lilikuwa limeinamia madawati. Hata wale wakorofi wa nyuma.

"Kabura Theuri," akarudia.

Mwalimu Wangechi alikuwa amesimama kando ya ubao, chaki mkononi, haondoi macho kwa rejista. Kwa sababu Kabura alikuwa binti yake wa kumzaa. Na saa hiyo, saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Kabura alikuwa Mombasa anakanyaga maji ya bahari na nyanyake...

Lakini kwenye rejista, siku tisa mfululizo, Kabura alikuwa shuleni. Alama zote tisa zilikuwa za mkono wa Wangechi mwenyewe.

Halafu sauti ndogo ikatoka karibu na dirisha.

"Present, sir."

Jamani! Nyinyi mnaosoma hii na chai mkononi, wekeni kikombe chini kwanza. Ili muelewe huyo aliyeitikia ni nani, lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Mwaka ni 1972. Shule iko huku kwetu, ng'ambo ya mto kutoka Nyeri mjini. Na kama ulisoma hapo, hukuhitaji kuambiwa Mwalimu Wangechi ni nani. Ulikuwa unasikia viatu vyake tu na unanyooka.

Kitu kimoja hakukivumilia: mtoto kukosa shule.

Mvua si sababu. Ng'ombe amezaa, si sababu. Na kahawa ndiyo hakutaka hata kuisikia. Oktoba ikifika, kahawa ikianza kuiva, wazazi wanaanza kuficha watoto mashambani. Yeye naye anaanza kuhesabu. Sheria ya shule ilikuwa siku kumi mfululizo bila ruhusa, jina linapigwa mstari wa wino mwekundu. Ukipigwa huo mstari darasa la saba, mtihani wa mwisho, CPE, utausikia kwa redio.

Mpaka hapo, mwaka huo alikuwa amepiga mstari mmoja tu. Watiri, binti ya Wamucii.

Watiri alikuwa namba moja kwa hesabu. Wangechi aliumia, siwezi kumsingizia. Lakini siku ya kumi ilifika, ikawa Ijumaa, na akachukua rula.

Kesho yake, Jumamosi, mumewe akashuka kutoka Karatina. Theuri alikuwa karani wa reli pale stesheni, nyumbani anakuja wikendi. Siku hiyo alikuja anatabasamu.

"Mama Kabura, nimepata likizo. Wiki mbili. Na pasi ya treni ya familia, bure hadi Mombasa."

"Safari njema," Wangechi akasema, anapepeta mchele.

"Nampeleka mama aone bahari."

"Vizuri. Amengoja sana."

"Na Kabura anaenda."

Ungo ukasimama.

"Baba Kabura, CPE imebaki wiki tano."

"Mama amesema hapandi treni bila wajina wake."

Hapo sasa, wenzangu wa milimani mnajua shida iko wapi. Msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba. Na si jina tu. Cucu, huyo nyanya, alikuwa anamwita huyo mtoto "mimi mdogo". Akichinja kuku, firigisi ni ya mimi mdogo. Kwa akili yake, kumwacha Kabura ilikuwa ni kama kujiacha yeye mwenyewe stesheni. Na wewe kama mke umeolewa hapo, utamwambia nini?

"Ahirisheni basi mpaka Desemba," Wangechi akajaribu.

"Likizo si yangu, ni ya reli. Wamenipa sasa. Na mama ako na sabini na nane, Desemba atakuwa wapi?"

"Na kahawa yake imeiva. Itachumwa na nani?"

"Hiyo imeisha leo asubuhi. Mama alitafuta mtu." Theuri akainama, akashusha sauti. "Rejista si iko kwa mkono wako? Siku kumi tu. Nani atajua?"

Wangechi hakusema ndiyo. Lakini Jumapili alimsuka Kabura nywele, akamkunjia sweta asilolihitaji huko, akasimama kwa lango mpaka hakuwaona tena.

Jumatatu aliita majina. Alipofika kwa Kabura, aliruka haraka. Darasa zima lilimwona anatia alama. Hakuna aliyesema kitu, na alijidanganya kwamba hakuna aliyeona.

Mmoja alikuwa anaona vizuri zaidi.

Watiri. Tangu Jumatatu hiyo alikuwa anakuja kila asubuhi na kusimama nje ya dirisha, daftari kwa kwapa, anasikiliza masomo kutoka huko. Mara ya kwanza Wangechi alimwambia, "Jina lako halipo." Mara ya pili hakumwambia kitu. Aligeukia ubao na kuandika, na mgongo wote ulikuwa unamwasha.

Alikuwa na haya, na haya ikimzidi mtu anakuwa mkali. Wiki hiyo alichapa watoto kwa makosa ya kipuuzi.

Sasa ile Alhamisi, gari la inspekta lilionekana likipanda mlima. Hedimasta Gicheru alitoka mbio, tai imepinda. Akamkuta msichana nje ya dirisha la darasa la saba.

"Wewe unazurura nini hapa? Ingia ndani!"

Watiri akaingia. Kiti kilikuwa kimoja tu kitupu.

Tumerudi pale tulipoachia. "Present, sir."

Wangechi alimwangalia yule mtoto, na yule mtoto akamwangalia. Hakukuwa na ujanja kwa hayo macho. Alikuwa anamsaidia mwalimu wake, basi. Huyo huyo aliyemfuta.

"Simama," Inspekta akasema. "Hedimasta ameniambia Kabura ni binti ya mwalimu. Ni wewe?"

"Ndiyo, sir."

"Nionyeshe mikono."

Watiri akainyoosha. Kingori mwenyewe alikuwa mtoto wa kahawa kutoka Kiriaini, hakuhitaji miwani. Vidole vyeusi kwa utomvu, kucha zimechanika.

"Hii mikono imechuma wiki nzima, au mbili. Na rejista inasema Kabura hajakosa siku moja." Akageukia hedimasta. "Bwana Gicheru, mtoto anadanganya mbele yangu. Lete fimbo."

Hedimasta, aliyemjua Kabura vizuri, akaenda kuleta bila kupinga.

Wasomaji wangu, hapo Wangechi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Fimbo nne, tano, mtoto analia, inspekta anapanda gari, mambo yanaisha. Kazi yake inabaki. Nyumba ya shule inabaki. Jina lake linabaki.

Watiri alikuwa ameshaanza kuja mbele. Hakulia wala hakumwangalia tena mwalimu.

"Huyo si Kabura," Wangechi akasema.

Chaki ilikatika mkononi.

"Huyo ni Watiri. Kabura ni wangu na yuko Mombasa. Hizo alama niliweka mimi. Usimguse huyo mtoto."

Inspekta alifungua rejista tena, akapeleka kidole chini polepole mpaka kwa mstari mwekundu.

"Na huyu Watiri umemfuta."

"Ndiyo. Alikosa siku kumi."

"Wako anakosa siku tisa na yupo. Huyu anakosa siku kumi na amefutwa."

Wangechi akakubali kwa kichwa. Alifikiri hapo ndipo mwisho wa aibu.

Kingori akamgeukia msichana, sauti ikapungua. "Ulikuwa unachuma kahawa ya nani?"

Watiri akaangalia sakafu.

"Sema, hakuna atakayekuchapa."

"Ya cucu wake Kabura. Kwa shamba ya mwalimu."

Wangechi alishika meza...

"Cucu alikuja kwetu," Watiri akaendelea. "Alisema kahawa iishe kabla ya safari. Mama hangekataa. Sisi tumeketishwa tu kwa shamba yake, hatuna yetu."

"Kwa nini hukuniambia?" Wangechi akauliza.

"Nilidhani unajua, mwalimu."

Mtoto wake alienda kuona bahari kwa sababu mtoto wa Wamucii alitolewa shule kumchumia nyanyake kahawa. Na yeye, kwa rula na wino mwekundu, akamalizia kazi.

Haikupita wiki, barua ikaja. Wangechi alihamishwa Doldol, kwa watoto wanaofuata mifugo mvua ikihama. Lakini Alhamisi ile ile, kabla Inspekta hajapanda gari, alimwomba mambo mawili.

Kwanza, jina la Watiri lirudishwe. Likarudishwa. Alifanya CPE na kupita shule nzima, na baadaye akawa daktari, kastaafu juzi.

Pili, aachiwe rejista mpaka kesho yake, Ijumaa, siku ya kumi.

Siku hiyo alifuta alama zake moja baada ya nyingine, akaandika "hayupo" mara kumi. Kisha akachukua rula na ule wino mwekundu, akapiga mstari juu ya jina la binti yake.

Mnauliza nimejuaje hata rangi ya wino?

Jumapili ile nilirudi nyumbani na mfuko wa kombe za baharini za kugawia darasa zima. Mama alinikalisha kitandani, akaniambia yote, hakujificha hata kidogo. Nilimrushia zile kombe.

Ndiyo. Kabura ni mimi.

Sikufanya CPE mwaka huo. Nilirudia darasa la saba Doldol, nikifundishwa na mama yangu. Huko mtoto akikosa siku mbili, mama alikuwa anavaa viatu na kutembea mpaka kwao kuuliza kuna nini. Nilikuwa namfuata nyuma kwa vumbi, nimekasirika. Nilimkasirikia miaka mingi, nisiwadanganye. Niliona kwamba aliniuza ili alale vizuri.

Wiki iliyopita binti yangu wa pili, mwenye jina la mama, alinipigia simu.

"Mum, tunatoa watoto shule wiki moja tu. Diani, hoteli ni rahisi kabla ya shule kufungwa. Nani atajua?"

Sikumpigia kelele. Nilimwuliza, "Na mbwa, na kuku, na nyumba, mnaachia nani?"

"Si Kahiga wa shamba na mkewe. Wamesema hata binti yao atasaidia asubuhi."

"Huyo binti yao yuko darasa gani?"

"Ngoja, Mum," akasema. "Wacha niongee na baba watoto."

Wanaenda Desemba.