Jicho la Kanali Kioo

Kombora lilipiga mluzi juu ya Mangobo na kila mtu ndani ya kibanda cha chakula akajitupa chini. Sahani ziliruka. Mtoto akapiga yowe.

Mtu mmoja hakulala.

Aliendelea kumega kwanga yake, akachovya kwenye mchuzi wa samaki, akatafuna. Kombora likaangukia mbali, upande wa soko.

Mboyo alikuwa kifudifudi sakafuni, bastola aina ya Makarov ikimchoma tumbo. Alimtazama yule mtu mgongoni akacheka kimoyomoyo. Kisangani nzima ilikuwa imejifunza kulala chini. Asiyelala ni nani, kama si yule anayejua kombora linakwenda wapi?

Redio ya Motorola ikakoroma ndani ya kitenge chake.

"Ngando, unanipata?" Ilikuwa sauti ya mkuu wake, aliyejificha Lubunga, ng'ambo ya mto, akimwita kwa jina lake la siri.

"Nakupata."

"Saa sita kamili Kanali Kioo analipiga kanisa. Halafu atasema ni Jenerali. Tafuta jicho lake ulitoboe."

"Nimeshalipata. Linakula kwanga."

Kanisani kulikuwa na nusu ya Mangobo. Mama yake Mboyo alikuwemo.

Hao wakubwa wawili walikuja pamoja, kila mmoja na jeshi la nchi yake, wakisema wametuletea ukombozi. Ukombozi! Walikunywa bia ya Primus kutoka kreti moja mpaka siku walipoonja almasi. Fahali wawili hawakai zizi moja, haya, lakini zizi lenyewe lilikuwa letu. Kanali, tuliyemwita Kioo kwa sababu ya miwani yake, akashika ukingo wa mto. Jenerali akashika daraja la Tshopo. Sisi tukashika vichwa.

Yule mtu akafuta midomo, akatoka, akapanda toleka, baiskeli ya abiria. Mboyo akadandia nyingine ya nyuma.

"Mfuate yule."

"Mama we, leo hata mbwa hawatembei!"

"Kanyaga, au teremka nikanyage mwenyewe."

Kijana akakanyaga. Walipita nyumba zisizo na mapaa na makaburi mabichi nyuani, mpaka kiwanda cha nguo kilichokufa zamani. Mtu wao akaingia ndani. Mboyo akamwona anapanda ngazi ya tangi la maji.

Akavua viatu, akapanda.

Alimkuta juu na darubini, ramani na simu ya setilaiti. Alimpiga teke la mdomo kabla hajageuka. Meno mawili yakadondoka.

Ndipo akamtambua. Mwalimu Bosongo, aliyefundisha jiografia nusu ya mji.

"Mwalimu! Ulitufundisha ramani ili utuue nazo?"

"Nina watoto, dada."

"Na kanisani wapo. Hujawaona kwa darubini yako?"

Makarov ikamgusa paji la uso. Mwalimu akatema damu.

"Ukiniua watapiga tu. Namba za kanisa kwenye ramani wanazo. Ni mimi peke yangu naweza kuzibadilisha." Akameza mate. "Niache hai, nitazipeleka msituni."

"Leo msituni, kesho kanisani. Wape namba za nyumba ya Kanali."

"Una wazimu?"

"Wapiga mizinga watajuaje?"

Wasingejua. Kanali mwenyewe aliwanyang'anya ramani wasije wakaziuza. Walipewa namba, wakapiga namba.

Kazi ilibaki moja, Kanali awe nyumbani. Mboyo akabonyeza Motorola.

"Dada Fololo."

"Mdogo wangu! Sema upesi, nampakulia."

Fololo, binti wa mjomba wake, alikuwa mpishi wa Kanali na sikio la Mboyo ndani ya nyumba ile. Wawili hao walilala mkeka mmoja utoto mzima. Kanali aliogopa sumu kuliko risasi. Hakutia tonge kinywani mpaka Fololo akae naye wale sahani moja. Fololo akiinuka, naye anainuka.

"Yupo?"

"Yupo, ameketi, ananisubiri nionje. Liboke la leo limekolea, ungekuwepo ungejilamba."

Mboyo alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, toka. Akatazama paa la kanisa.

"Kaa naye mpaka amalize, dada."

"Kwani kuna nini? Nitoke saa ngapi?"

"Nitakuambia."

Akazima Motorola.

Mwalimu alisoma namba kwenye simu kwa sauti ile ile ya darasani. Mizinga ikaunguruma. Mluzi ukapita juu yao, ukaelekea mtoni, na nyumba ya Kanali Kioo ikapanda juu, matofali na moshi.

"Uliahidi utaniacha," Mwalimu alisema.

"Nani? Mimi?"

Risasi moja. Ilitosha.

Msiniulize kama alilia. Mimi nilimwona akiingia uani kwa kanisa na macho makavu, nikamwogopa. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, mzima, anasukwa nywele.

"Mwanangu! Wanasema Kioo amepigwa, kweli? Mungu si Athumani! Na Fololo hujamwona?"

"Yuko kazini, mama."

"Kazini, na bwana wake amekufa?"

"Atakuja."

Mboyo akakaza kitenge, akaomba moto kwa mlinzi, akawasha sigara ya Ambassade, akatoka getini bila haraka.

Nyuma yake mama alisogea, akamwachia Fololo nafasi mkekani.